Tuijue Miili Yetu: Muuguzi Alikuwa Akihesabu Nini?



Wasomaji wetu wapenzi, mwezi uliopita tulimaliza mazungumzo yetu juu ya moyo, na tuliahidi kwamba mara hii tutabisha hodi kwa jirani yake, yaani mapafu. Kabla hatujashika kalamu ikatufikia barua ya bibi mmoja wa Tanga, nasi tumeona ni vyema barua hiyo iwe ndiyo ufunguo wa mlango, kwa kuwa aliyoyauliza yanagusa kila nyumba yenye mtoto mdogo.

Bibi huyo asema kuwa mwanawe wa kiume, mwenye umri wa miezi 10, alishikwa na homa na kikohozi. Siku ya tatu akamchukua zahanati. Muuguzi aliyempokea hakumwekea mtoto mipira ya kusikilizia kifua. Alimpandisha fulana mpaka chini ya kidevu, akatoa saa yake, akawa anatazama saa na kifua, saa na kifua, dakika nzima, bila ya kumgusa mtoto wala kusema na mama. "Nilidhani ananidharau," aandika bibi yetu, "au ana haraka ya kwenda zake." Kisha muuguzi akatamka neno moja tu, "Hamsini na nane," akaandika dawa, na akaamuru mtoto arudishwe baada ya siku tatu, au mapema zaidi akionekana kuzidiwa. Mtoto amepona, alhamdulillahi. Lakini mama bado ana duku duku. Ile 58 ilikuwa hesabu ya nini? Na yawezekanaje mtu kuujua ugonjwa uliomo ndani ya kifua kwa kutazama ngozi ya nje?

Swali hili halijibiki kwa mstari mmoja. Hatuna budi kufuatana na pumzi tangu mlangoni hadi chumba cha ndani kabisa, kisha turudi kwa muuguzi na saa yake.

Pumzi huanzia puani, na pua si tundu tu la kupitishia hewa. Mbele mna nywele za kuzuia vumbi, na nyuma yake mna njia zilizopinda, zilizotandikwa ngozi laini yenye damu nyingi na ute. Hewa ipitapo hapo hupashwa moto na hutiwa unyevu, na vumbi lake hunata katika ute kama nzi anatavyo katika asali. Apumuaye kwa kinywa huikosa huduma hii, ndiyo maana alalaye kinywa wazi huamka na koo kavu.

Toka puani hewa hushuka kooni, na hapa ndipo penye hatari, kwa kuwa njia ya chakula na njia ya pumzi hukutana mahali pamoja kabla ya kuachana tena. Njia ya pumzi iko mbele na umio wa chakula uko nyuma. Kila tumezapo tonge, koromeo hupanda juu na kifuniko kidogo, ambacho wengine hukiita kidakatonge, hulala juu ya mlango wa pumzi mpaka tonge lipite. Kazi hii hufanyika mara nyingi mno kwa siku nasi hatuna habari nayo, ila siku ile tunapocheka na chakula kinywani kikatupalia.

Jipapase shingo yako chini ya kongomeo, nawe utahisi mapingili magumu. Hayo ni mapete ya gegedu, kati ya 16 na 20, yanayolizuia bomba la pumzi lisibonyee. Urefu wa bomba lote kwa mtu mzima ni sentimita 10 hadi 12. Na ajabu yake ni kuwa mapete haya hayakufungwa. Kila moja ni mfano wa hilali, upande wa wazi ukielekea nyuma kwenye umio, ili tonge kubwa lipate nafasi ya kupita bila ya kukwaruza gegedu.

Chini ya kidari bomba hugawanyika matawi mawili, la kuume na la kushoto. Tawi la kuume ni pana zaidi na limesimama wima zaidi, na kwa sababu hiyo karanga iliyompalia mtoto mara nyingi huangukia upande wa kuume. Tumeyataja haya kwa makusudi. Mtoto aliye chini ya miaka mitano hapewi karanga nzima wala korosho nzima, hata akililia, na hata bibi yake akisema kuwa baba yake alizila akiwa mdogo zaidi ya hapo. Zitwangwe, zitiwe katika uji.

Pafu la kuume lina sehemu tatu, la kushoto lina mbili tu, kwa kuwa upande huo moyo nao umechukua nafasi yake. Matawi ya pumzi huendelea kugawanyika ndani yake, tawi likizaa vitawi viwili, kila kitawi kikazaa viwili, mara 23 hivi, mpaka njia zinakuwa nyembamba kuliko uzi. Mwisho wa vitawi mna vifuko vya hewa, vidogo hata jicho tupu haliwezi kuvitenga kimoja kimoja. Mwaka 2004 wataalamu waliovihesabu kwa darubini katika mapafu ya watu wazima walipata wastani wa milioni 480. Mtoto mchanga huzaliwa na sehemu ndogo tu ya idadi hiyo, na vingine humwota kadiri anavyokua.

Siku ya Idi ya kuchinja, mtakapopasua mbuzi, waiteni watoto wayaone mapafu, ambayo wengine wetu twayaita yavuyavu. Waonyesheni rangi yake ya waridi, na jinsi yanavyobonyea yakishikwa kama sifongo. Katieni kipande katika bakuli la maji: ini litazama, nyama itazama, lakini pafu litaelea, kwa kuwa vifuko vyake vingali vimeshika hewa. Somo hili halihitaji kitabu, na mtoto aliyeliona halisahau.

Sasa, kwa nini vifuko vingi kiasi hicho? Kwa nini usiwe mfuko mmoja mkubwa kama kibofu? Jawabu ni eneo. Lau tungevipasua vifuko hivyo vyote na kuvitandika chini, vingefunika kiasi cha mita 70 za mraba. Chukua mswala wa kawaida wenye urefu wa sentimita 110 na upana wa sentimita 70. Utahitaji miswala 90 kufunika mahali hapo. Uwanja wote huo umekunjwa ndani ya kifua kimoja. Na kuta za vifuko ni nyembamba hata hazifiki sehemu moja ya elfu ya milimita. Upande mmoja wa ukuta ni hewa, upande wa pili ni mishipa ya damu myembamba mno, ambamo chembe nyekundu za damu hupita karibu kwa safu moja moja. Chembe hupita hapo kwa muda usiotimia sekunde moja, na katika muda huo huitoa hewa chafu na kuipokea oksijeni.

Hewa tuivutayo ina oksijeni kiasi cha sehemu 21 katika mia. Tuitoayo ina sehemu 16 hivi. Kwa upande wa hewa ya ukaa mambo ni kinyume: twavuta kidogo mno, hata sehemu moja kamili katika elfu haifiki, nasi twatoa kiasi cha sehemu nne katika mia. Basi hatuitumii oksijeni yote tuivutayo, na ndiyo sababu aliyezama aweza kuokolewa kwa pumzi ya mwenzake apulizaye kinywani mwake. Katika pumzi ile iliyokwisha kutumika mngali mna riziki ya kutosha.

Kuna jambo moja zaidi juu ya vifuko hivi. Ndani yake vina majimaji, na kitu chembamba chenye majimaji hupenda kunatana, kama karatasi mbili zilizoloa. Visinatane, mapafu hutengeneza utelezi fulani unaofanya kazi kama ya sabuni. Mtoto azaliwaye kabla ya wakati wake mara nyingi hana utelezi huu wa kutosha, na kila pumzi kwake ni kama kupuliza puto jipya. Mary Ellen Avery na Jere Mead wa Marekani walilidhihirisha jambo hili mwaka 1959. Miaka minne baadaye, Agosti 1963, mtoto wa Rais Kennedy, Patrick, aliyezaliwa kabla ya siku zake, alifariki kwa maradhi haya baada ya kuishi siku mbili pungufu ya saa chache, na uwezo wote wa baba yake haukufaa kitu. Siku hizi mama anayeonekana atajifungua mapema huchomwa sindano ya kuyakomaza mapafu ya mtoto tumboni, na utelezi wenyewe waweza kutiwa mapafuni mwa mtoto kwa mpira. Basi mja mzito aonaye uchungu kabla ya wakati asikae nyumbani akingoja upite. Saa chache za kuwahi zaweza kuwa ndizo za kuipata sindano hiyo.

Tuliposema kuwa damu hupita mapafuni, vijana wetu waliosoma shule watasema ni jambo linalojulikana. Ni kweli lajulikana leo, lakini halikujulikana siku zote. Galen, tabibu wa Kiyunani aliyeishi katika karne ya pili, alifundisha kuwa damu hutoka upande wa kuume wa moyo kwenda wa kushoto kwa kupenya katika vitundu visivyoonekana vilivyomo katika ukuta wa katikati. Kauli hiyo ilishikwa miaka zaidi ya elfu moja, na hata Ibn Sina, pamoja na ukubwa wake wote, aliipokea.

Aliyeikataa ni Ibn al-Nafis. Asili yake ni Damascus, na alifanya kazi Kairo mpaka alipofariki mwaka 1288. Tena alikuwa mwanachuoni wa fiqhi katika madhehebu ya Imam Shafi, madhehebu wanayoyafuata wengi wa watu wa pwani yetu. Katika sherehe aliyoiandika juu ya tashrihi iliyomo katika Kanuni ya Ibn Sina, alisema waziwazi kuwa ukuta ule ni mnene, hauna tundu lionekanalo wala lisiloonekana. Kwa hivyo, akasema, damu haina njia ila itoke upande wa kuume, iende mapafuni kwa mshipa mkubwa, ienee humo na kuchanganyika na hewa, kisha irudi upande wa kushoto. Akaongeza kuwa kati ya mshipa uendao na mshipa urudio lazima pana njia ndogo ndogo.

Njia hizo hakuziona. Zilionekana mwaka 1661, pale Malpighi wa Italia alipoyatazama mapafu ya chura kwa darubini. Huko Ulaya mzunguko wa damu kupitia mapafuni uliandikwa na Servetus mwaka 1553, na mzunguko wa mwili mzima ukaelezwa na Harvey mwaka 1628. Kitabu cha Ibn al-Nafis kilikuwa kimelala katika makabati. Mwaka 1924 daktari wa Kimisri, Muhyiddin al-Tatawi, aliyekuwa akisoma Ujerumani, aliukuta mswada wake katika maktaba ya Berlin na kuufanya maudhui ya maandishi yake ya chuo, na hapo ndipo ulimwengu ulipozinduka.

Hatuyataji haya ili tujigambe. Tuna ndugu zetu ambao kila ukiwaonyesha mashine mpya husema wazee wetu waliijua zamani, na maneno hayo hayamponyi mgonjwa yeyote. Ibn al-Nafis naye alikosea mahali. Alidhani hewa yenyewe huingia katika damu na kuzaa roho, kama walivyodhani matabibu wa zama zake, wala hakujua habari ya oksijeni. Tunachomstahi ni kuwa alikuta kauli ya wakubwa wawili imekubaliwa na watu wote, akaitazama tena, akaona haiafikiani na kile kilichopo, akaandika hivyo.

Sasa tuje katika jambo ambalo wengi hulifahamu kinyume. Tanga la jahazi huvimba kwa kuwa upepo umelijaza. Watu hudhani kifua nacho hupanuka kwa kuwa hewa imekijaza. Sivyo. Kifua hupanuka kwanza, na hewa hufuata. Mapafu yenyewe hayana msuli wa kujivuta. Yamekaa tu, yakiwa yameshikana na kuta za kifua kwa tando mbili zenye majimaji kidogo kati yake. Afanyaye kazi ni kiwambo, msuli mpana uliotanda kama kuba kati ya kifua na tumbo, akisaidiwa na misuli ya baina ya mbavu. Kiwambo kikikaza, kuba hushuka na mbavu hunyanyuka nje. Nafasi ya ndani huongezeka na hewa hukimbilia humo, kama mhunzi avutapo mivukuto yake. Kiwambo kikilegea, mapafu hujikunja yenyewe na hewa hutoka. Ndiyo maana mtoto mchanga akilala utaliona tumbo lake likipanda na kushuka. Asema mama, "Mwanangu anapumulia tumbo." Ni kweli, na si ugonjwa; ni kiwambo kinachokisukuma kilicho chini yake.

Mtu mzima aliyetulia hupumua mara 12 hadi 20 kwa dakika, na kila pumzi hubeba kiasi cha nusu lita. Tukichukua pumzi 15 kwa dakika, itakuwa pumzi 21,600 kwa siku na hewa lita 10,800. Nani anayeihesabu kazi hii usiku tukiwa tumelala? Ni sehemu ya chini ya ubongo, iliyo karibu na uti wa mgongo. Nayo kwa kawaida haiangalii sana upungufu wa oksijeni. Huangalia wingi wa hewa ya ukaa katika damu. Ikizidi kidogo tu, amri hutoka: pumua zaidi. Ile dhiki uionayo ukibana pumzi ni hewa ya ukaa inayobisha mlango.

Hapa tuna neno na vijana wetu wa pwani wapendao kupiga mbizi. Wako wanaohema kwa nguvu mara nyingi kabla ya kuzama, wakiamini kuwa wanajiwekea akiba ya pumzi. Wanalolifanya hasa ni kuifukuza hewa ya ukaa, na oksijeni haiongezeki ila chembe. Basi mlinzi wa mlango amefukuzwa. Mtu huzama, oksijeni yake hupungua hadi mahali pa hatari, naye hahisi dhiki yoyote ya kumrudisha juu. Hupoteza fahamu ndani ya maji, kimya, mita chache tu kutoka kwa wenzake. Waogeleaji hodari wamekufa kwa njia hii. Vuta pumzi moja au mbili za kawaida, zama na mwenzako akuangalie, na usishindane kwa kuhema.

Tumekwisha kufika sasa kwa bibi yetu wa Tanga.

Kichomi cha mapafu, ambacho hospitali hukiita nimonia, ni kuingiwa na vijidudu katika vifuko vile vya hewa. Mwili hupigana navyo, na katika vita hivyo vifuko hujaa majimaji na usaha. Kifuko kilichojaa majimaji hakipokei hewa. Ni kama kuwa baadhi ya miswala yetu 90 imekunjwa na kuondolewa, na waliobaki hawatoshi kwa kazi iliyopo. Isitoshe, pafu lenye majimaji huwa gumu, halikubali kupanuka kama kwanza. Ubongo huona upungufu, na maadamu pumzi moja haiwezi kuwa kubwa, huamuru pumzi ziwe nyingi. Hizo ndizo alizokuwa akizihesabu muuguzi. Mtoto wa miezi 10 asiye na kichomi hupumua chini ya mara 50 kwa dakika akiwa ametulia. Huyu alipumua mara 58. Kikohozi pamoja na hesabu hiyo vilimtosha kuandika dawa.

Na kupandisha fulana? Alitafuta jambo la pili. Mbavu za mtoto mdogo ni laini. Pafu likiwa gumu mno, kiwambo huvuta kwa nguvu zote, na badala ya pafu kufunguka, sehemu ya chini ya kifua hubonyea ndani wakati ule ule mtoto avutapo pumzi, mahali ambapo ilikuwa itoke nje. Jambo hili huonekana kwa macho kuliko linavyosikika kwa masikio. Ndiyo sababu hakumgusa: mtoto akiguswa hulia, na aliaye hupumua mbio, na hesabu yote huharibika. Dada yetu, yule hakukudharau. Walakini twakubaliana nawe kuwa maneno mawili ya kukueleza hayangempunguzia kitu.

Njia hii haikuzuka zahanati kwenu. Mwaka 1984 daktari Frank Shann na wenzake, waliofanya kazi katika nyanda za juu za Papua New Guinea, walichapisha uchunguzi wao wa watoto wenye kikohozi, wakionyesha kuwa kuhesabu pumzi na kutazama kifua kwaweza kumtenga mwenye kichomi na mwenye mafua tu, hata mahali pasipo na daktari wala picha ya kifua. Shirika la Afya Duniani lilishika njia hiyo na kuieneza. Na haja yake ingalipo: kwa mwaka 2019 peke yake shirika hilo lilikadiria kuwa kichomi kiliua watoto zaidi ya 740,000 walio chini ya miaka mitano.

Hesabu yenyewe mama aweza kuifanya nyumbani usiku kwa saa yoyote yenye mshale wa sekunde, au kwa simu yake. Mtoto awe ametulia au amelala, asiwe analia wala kunyonya. Mfunue kifua na tumbo, washa taa, uhesabu kila kupanda kwa kifua kwa dakika nzima, si nusu dakika ukazidisha mara mbili, kwa kuwa pumzi za watoto hazina mwendo mmoja. Kwa mtoto wa chini ya miezi miwili, 60 au zaidi ni nyingi. Hesabu mara ya pili, na zikiwa vivyo hivyo, mpeleke saa ile ile. Toka miezi miwili hadi kabla ya kutimia mwaka, kiwango ni 50. Toka mwaka mmoja hadi mitano, ni 40. Mwenye kikohozi akifikia kiwango hicho apelekwe zahanati siku hiyo hiyo. Lakini yako mambo ambayo hayangoji hesabu wala hayangoji asubuhi: mtoto asiyeweza kunywa wala kunyonya, anayetapika kila kitu, aliyepatwa na degedege, anayelala usingizi usioamshika, ambaye kifua chake chabonyea ndani, anayekoroma avutapo pumzi ilhali ametulia, au ambaye midomo yake imegeuka rangi ya samawati. Huyo abebwe usiku ule ule, hata kama ni kwa kumgongea jirani mwenye gari.

Dawa iliyobaki tangu kikohozi cha kaka yake isitumiwe. Haijulikani yatosha siku ngapi, wala kama ndiyo inayofaa, nayo humfanya mama akae nyumbani na matumaini ya bure siku mbili ambazo hazirudi.

Moshi wa jikoni nao umo katika habari hii. Njia za pumzi zina vijinywele vidogo mno ambavyo hupiga kuelekea juu mchana na usiku, vikiusukuma ute pamoja na vumbi na vijidudu vilivyonaswa, hadi kooni. Huo ndio ufagio wa mapafu. Moshi wa kuni huulemaza ufagio huu, na moshi wa sigara kadhalika. Mtoto abebwaye mgongoni mama akipika katika jiko lisilo na dirisha huuvuta moshi ule ule kwa pumzi zake 40 kwa dakika ilhali mama avuta kwa 15 au 20. Kama hapana uwezo wa kupata jiko la gesi, basi mtoto abaki nje na shangazi au dada yake chakula kikiiva, na jiko lisogezwe barazani siku zisizo za mvua.

Makaa yasiyotoa moshi yana hatari nyingine. Katika nyanda za juu zenye baridi, watu huingiza jiko la makaa chumbani, hufunga mlango na kulala. Makaa hutoa hewa ya sumu, kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu, ambayo hung'ang'ania chembe nyekundu za damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Mapafu hufanya kazi yake kama kawaida, kifua chapanda na kushuka, nayo damu haina tena nafasi ya kupokea riziki. Jiko litolewe nje kabla ya kulala, hata likiwa limebaki makaa mawili.

Mwisho wa barua yake bibi yetu auliza kama alifanya vibaya kwa kumpaka mtoto mafuta ya karafuu kifuani, na kumtia matone ya samli vuguvugu puani kama alivyofundishwa na mamake. Kuhusu mafuta ya kifuani, kama aliyachanganya na mafuta mengine hata yasimchome ngozi, huenda hakumdhuru, ingawa hayakifikii kichomi. Samli ni jambo jingine. Mafuta yaliyoshuka toka puani hadi mapafuni hayatolewi kwa urahisi na ule ufagio. Hukaa katika vifuko na kuzaa kichomi kingine cha namna yake. Puani pa mtoto patiwe maji yaliyochemshwa yakapoa, yenye chumvi kidogo sana, tone moja moja, na makamasi yafutwe kwa kitambaa safi. Na kwa mama mzazi, aliyefundisha samli kwa nia njema, twapendekeza asomewe barua hii kwa upole.

Mwezi ujao, inshallah, tutazungumza juu ya ini.